Chuo Kinapokupigia Simu Mara Saba

Jirani yangu alinipigia simu Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro, akiwa kwenye maegesho ya magari ya chuo chake hapa Ohio. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na hata nguo za kazi hajabadili. “Yaya,” aliniita, maana kwao Uvira, Kongo, kaka mkubwa ni yaya (Wakenya msicheke), “njoo unisomee karatasi iliyobandikwa mlangoni. Leo Kiingereza chao sikielewi.”

Kiingereza anakielewa. Ndiye anayewatafsiria kina mama wenzake wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanapokwenda hospitali. Nilipofika nikaona tatizo lilipo: karatasi ilikuwa na mistari sita, na hakuna hata mmoja uliosema kilichotokea. Ilisema chuo “kimesitisha shughuli zake”, ikawashukuru wanafunzi, ikatoa anwani ya tovuti ya ofisi ya jimbo. Tukachungulia kupitia kioo. Viti vilikuwa vimepangwa kama kawaida, na pale mapokezi bakuli la peremende lilikuwa bado limejaa.

Alikuwa amebakiza miezi minne amalize masomo ya uuguzi wa ngazi ya LPN. Deni lilikuwa limeshapita dola 17,000.

Chuo kile sikitaji, na kwa kweli jina lake halina maana kubwa, kwa sababu hadithi yenyewe ni ya zamani. Aprili 2015 kampuni ya Corinthian Colleges, iliyokuwa na vyuo vya Everest, Heald na WyoTech, ilifunga kwa mkupuo matawi 28 yaliyokuwa yamebaki. Tangazo lilitoka Jumapili, na wanafunzi kama 16,000 wakaamka Jumatatu hawana darasa. Septemba 2016 ikaanguka ITT Tech, matawi zaidi ya 130 katika majimbo 38. Desemba 2018 ikawa zamu ya Education Corporation of America ya Birmingham, Alabama, yenye wanafunzi kama 20,000. Machi 2019 Argosy. Septemba 2023 wanafunzi wa The Art Institutes walipewa siku nane tu. University of Phoenix, kilichokuwa na wanafunzi karibu 470,000 mwaka 2010, hakijafungwa, lakini miaka kumi baadaye kilikuwa hakifikishi 100,000.

Hivi ni vyuo vya biashara. Vina wenye hisa, na wenye hisa wanataka faida. Kutaka faida si dhambi. Duka la dawa nalo linataka faida. Shida ni namna pesa inavyoingia. Mwanafunzi hatoi fedha mfukoni. Anajaza fomu ya FAFSA, na serikali ya shirikisho inalipa, sehemu kwa msaada wa Pell ambao haurudishwi, sehemu kwa mkopo ulioandikwa kwa jina lake. Sheria inakiruhusu chuo cha biashara kupata hadi asilimia 90 ya mapato yake kwa njia hiyo. Kwa hiyo bomba likibanwa kidogo tu, mishahara inakwama. Juni 2014 Wizara ya Elimu ya Marekani iliiambia Corinthian kwamba itakuwa inasubiri siku 21 kabla ya kupata fedha zake. Siku 21! Kampuni yenye makumi ya maelfu ya wanafunzi ikaanza kuyumba mwezi huohuo. ITT nayo ilipozuiwa kupokea wanafunzi wapya wanaotumia fedha za serikali, haikumaliza wiki mbili.

Sasa uliza pesa hiyo ilikuwa inatumika wapi. Mwaka 2012 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Tom Harkin ilitoa ripoti juu ya kampuni 30 za aina hii. Iligundua kwamba zilitumia asilimia 22.7 ya mapato kwa matangazo na kusaka wanafunzi, na asilimia 17.2 kwa kufundisha. Zilikuwa na wasaka wanafunzi 35,202, na watumishi wa kuwasaidia wahitimu kupata kazi 3,512. Yaani watu kumi wa kukuingiza, mmoja wa kukushika mkono unapotoka. Kwenye nyaraka za mafunzo za ITT ilionekana mbinu waliyoiita “faneli ya maumivu”: msaka wanafunzi alifundishwa kukuuliza maswali, moja baada ya jingine, mpaka afike kwenye jambo linalokuuma, kisha akuoneshe kwamba dawa yake ni kujiandikisha. Kwa mtu aliyefika juzi, anayebeba boksi usiku huku watoto wamelala kwa jirani, maumivu hayatafutwi kwa tochi.

Jirani yangu alibonyeza tangazo kwenye simu mara moja tu. Ndani ya wiki mbili walimpigia mara saba. Aliyempigia alimwita “dada yangu”, akakumbuka majina ya watoto, akamwambia nafasi zimebaki mbili. Naye akafurahi kwamba Amerika nzima kumbe kuna mtu anamjua jina. Hapo ndipo nasimamia ushauri wangu wa kwanza, na wengine watauona mkali: chuo kinachokukimbiza namna hiyo, usijiunge nacho. Kile cha umma cha kaunti yako kitakuacha kwenye foleni, fomu yako watairudisha mara mbili, na huenda hakuna atakayekupigia hata mara moja. Vumilia. Ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo husika ni wastani wa dola 4,000 hivi kwa mwaka, na msaada wa juu wa Pell umekuwa dola 7,395. Piga hesabu mwenyewe.

Najua watu watasema foleni ya uuguzi kwenye vyuo vya umma ni ndefu, mwaka au hata miwili, na maisha hayasubiri. Ni kweli. Ndiyo maana vyuo vya biashara vinapata wateja, na vingine vinafundisha vizuri. Ukiamua kwenda huko, nenda ukiwa umeshajibiwa maswali machache, na majibu usiyatafute kwa yule anayekupigia simu.

Swali la kwanza lipeleke kwenye dirisha la udahili la chuo cha umma kilicho karibu nawe: “Nikitoka chuo kile nikaja kwenu, mtapokea krediti zangu ngapi?” Wakikwambia hazipokelewi, umeshajua thamani ya unachotaka kununua. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanaohama kutoka vyuo vya biashara kwenda vya umma hupoteza asilimia 94 ya krediti zao. Yule wa simu atakwambia “tuna ithibati ya kitaifa”, na neno kitaifa masikioni mwetu linasikika kubwa kuliko la kanda au la jimbo. Kwa desturi ya Marekani mambo yamekuwa kinyume: vyuo vya umma na vile vyenye heshima vilipata ithibati kwa vyombo vya kanda, na vile vya kitaifa vikabeba vingi vya biashara. Chombo kimoja cha kitaifa, ACICS, kilivipa ithibati matawi ya Corinthian, ITT na Education Corporation of America vilevile. Mwaka 2022 serikali iliacha kukitambua. Kwa hiyo uliza ithibati imetolewa na nani, na chombo hicho kinatambuliwa na Wizara ya Elimu hadi leo au la.

Wa uuguzi mna kipimo kizuri zaidi, na nashangaa tunavyokipuuza. Bodi ya uuguzi ya kila jimbo ndiyo inayoidhinisha programu, na bodi nyingi huchapisha matokeo ya mtihani wa leseni, NCLEX, chuo kwa chuo: walifanya wangapi, walifaulu wangapi kwa mara ya kwanza. Usiangalie mwaka mmoja, angalia mitatu. Kama matokeo yanashuka kila mwaka, bodi inaweza kukiweka chuo chini ya uangalizi, na ukishakuwa ndani unazama nacho. Na ukiona mahali wanakupa cheti bila kukupeleka wodini, toka mbio. Januari 2023 wapelelezi wa shirikisho walitangaza kesi ya shule za Florida zilizouza vyeti vya uuguzi bandia zaidi ya 7,600. Walionunua walidhani wamepata njia ya mkato, na wako waliopoteza leseni wakiwa kazini.

Tovuti ya College Scorecard, ya serikali, inaonesha wahitimu wa chuo wanapata mshahara gani na wanabaki na deni kiasi gani. Wizara pia huchapisha orodha ya vyuo vilivyo chini ya uangalizi wa fedha, yaani vile ambavyo haviaminiwi kupewa fedha bila masharti ya ziada. Kuwa kwenye orodha hiyo hakumaanishi chuo kitakufa kesho, na sababu nyingine ni ndogondogo. Lakini mimi nisingesaini.

Halafu mkataba. Usiusaini siku ya kuoneshwa. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, keti mezani na mtu anayesoma polepole. Tafuta mambo mawili. Moja ni kifungu kinachosema ukiwa na malalamiko hutakwenda mahakamani, utakwenda kwa msuluhishi. Hicho ni kufuli mdomoni mwako. Jingine ni mkopo wa pembeni unaotolewa na chuo chenyewe, au na benki rafiki wa chuo, wa kujaza pengo ambalo Pell na mkopo wa serikali havikulifikia. Huo hauna zile kinga nitakazozieleza hapa chini. Wakikwambia karatasi hazitoki ofisini, umepata jibu lako.

Tena msidanganyike na neno “lisilo la faida”, wala na msalaba. Mwaka 2017 The Art Institutes, Argosy na vyuo vingine vya kampuni moja vilinunuliwa na shirika la kidini la Los Angeles. Miaka miwili haikuisha vizuri kabla Argosy haijafungwa, huku fedha za serikali ambazo zilipaswa kuwafikia wanafunzi kama pesa za kujikimu zikiwa zimeshatumika kulipia mambo mengine. Kanisani kwetu tulishawahi kutangaziwa chuo kutoka madhabahuni. Mtangazaji hakuwa na nia mbaya. Ila naye alikuwa hajasoma mkataba.

Je, kama umeshaingia? Chuo kinachokufa hutoa dalili. Baadaye jirani yangu aliketi akazitaja moja moja, akijilaumu. Mwalimu wa maabara aliacha kazi, nafasi yake ikajazwa na mwalimu wa muda, huyo naye akaacha. Glavu zikaisha, wakaambiwa waje na zao. Refandi, ile pesa inayobaki baada ya ada kukatwa, ikachelewa wiki tano. Darasa jipya la Januari halikufunguliwa. Mafunzo ya hospitali yakahamishwa kutoka hospitali kubwa hadi kwenye nyumba ya wazee, ileile anayofanyia kazi. Kila dalili ilipewa maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na mantiki.

Ukiziona, usitoroke siku hiyohiyo, kwa sababu tarehe unayoondoka ina pesa ndani yake. Kwanza chukua transkripti rasmi, hata kama unadhani hutaihitaji. Chukua na mkataba, risiti, muhtasari wa kila somo, barua pepe za udahili, matangazo waliyokutumia. Piga picha ubao wa matangazo. Mifumo ya chuo ikizimwa, barua pepe yako ya mwanafunzi nayo huzimika, na ushahidi wote uliokuwa ndani unakwenda nayo. Hifadhi kila kitu mahali pako binafsi. Chuo kikishafungwa, rekodi kwa kawaida huishia kwenye ofisi ya jimbo inayosimamia vyuo, lakini inaweza kuchukua miezi, na wakati mwingine zinafika pungufu.

Sasa jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Kuna haki inayoitwa Closed School Discharge. Chuo kikifungwa ukiwa bado mwanafunzi, au ukiwa ulijiondoa siku chache kabla, mikopo ya serikali uliyokopa kwa masomo hayo inaweza kufutwa yote. Kwa mikopo iliyotolewa kuanzia Julai 2020, hizo siku chache ni 180; kwa ya zamani zaidi ni 120. Ndiyo maana nikasema usitoroke ovyo: ukijiondoa leo, na chuo kikafa baada ya miezi tisa, umejitoa mwenyewe kwenye haki hiyo. Kuomba ruhusa rasmi ya kupumzika masomo ni tofauti na kujiondoa; aliye kwenye ruhusa huhesabiwa bado yumo.

Haki hiyo ina mtego. Ukikubali kwenda kumalizia masomo yaleyale chuo kingine kwa mpango uliopangwa, au ukahamisha krediti na kumaliza programu ya aina hiyohiyo, deni halifutwi. Na siku mlango unapofungwa, watu wa vyuo vingine vya biashara huja na meza zao hadi kwenye maegesho, na kalamu tayari. Kwa jirani yangu walikuja siku ya pili. Walimwambia watachukua krediti zote. Hawakumwambia kwamba akimaliza kwao deni la kwanza linabaki palepale na la kwao linaongezeka juu yake.

Hapa jibu haliwi moja kwa wote. Aliyebakiza wiki sita, na chuo kinachompokea ni kizuri, kina matokeo mazuri ya NCLEX na hakidai mkopo mpya, amalizie tu, leseni itamlipa. Aliyebakiza nusu ya safari, au anayepelekwa kwenye chuo kinachofanana na kile kilichokufa, bora afutiwe deni aanze upya. Kwa jirani yangu tuliketi usiku mzima na kikokotoo. Chuo kilichojitolea kumpokea kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na kilimtaka akope tena. Alilia kidogo, maana miezi kumi na minne ya kukesha haimo kwenye fomu yoyote. Halafu akachagua kufutiwa.

Fomu hupatikana studentaid.gov, na hutumwa kwa kampuni inayokusanya mkopo wako. Usisubiri ikufikie yenyewe. Wakati inashughulikiwa, fungua kila barua, kwa sababu ukikaa kimya deni likaingia kwenye msimamo wa kushindwa kulipa, serikali inaweza kuchukua hata marejesho yako ya kodi. Kumbusha pia wakurudishie miaka yako ya Pell. Msaada huo una ukomo wa mihula 12 maishani, na ile uliyoitumia kwenye chuo kilichokufungia mlango inaweza kurejeshwa.

Kama chuo hakijafungwa, au kilifungwa miaka mingi baada yako, lakini kilikudanganya kuhusu kazi, mshahara au krediti, fomu yake ni nyingine: Borrower Defense. Safari yake ni ndefu. Waliosoma Corinthian walifutiwa dola bilioni 5.8 kwa pamoja, watu 560,000, Juni 2022, miaka saba baada ya milango kufungwa. Wa ITT, 208,000, walifuata Agosti mwaka huohuo. Mikopo ya benki binafsi haiguswi na fomu hizi. Kwa mikopo hiyo, na kwa aliyelipa taslimu, uliza jimbo lako kama lina mfuko wa kufidia ada, kama ule wa California.

Nanyi mlioko nyumbani mnaoandaa kijana kuja kwa viza ya F-1, mnalipa taslimu, na hakuna wa kuwafutia kitu. Chuo kikifungwa, kijana lazima ahamishie rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni, chuo kingine haraka au aondoke nchini, kwa hiyo mtu wa kumwona siku hiyohiyo ni afisa wa wanafunzi wa kigeni, kabla naye hajafunga ofisi. Kabla ya kutuma hata shilingi moja ya ada, waulizeni tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa akirudi. Wakala aliyewaletea fomu ya kujiunga ana kamisheni yake. Msimuulize yeye.

Jirani yangu alisubiri zaidi ya nusu mwaka. Barua ilipokuja alinipigia tena, safari hii akaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Sasa yuko chuo cha jamii, anaanza na yale masomo ya sayansi ambayo kile cha kwanza kilimwambia hayahitaji. Ila namba yake ya simu inaonekana imeuzwa: kila wiki anapigiwa na kampuni inayojitolea kumfutia deni kwa dola 600. Fomu zote nilizozitaja hapa ni bure. Anayekutoza kuzijaza, mkatie simu.